Kiwanda cha Mistari Kumi na Mmoja

Robota la kwanza lilipimwa saa moja na dakika nne,
kilo mia mbili arobaini na saba, mkonge wa shamba la Kigombe.
La pili likatoka na uzito uleule, dakika ileile, shamba lilelile.
Na la tatu.
Na la arobaini.
Kufika adhuhuri Semkiwa wa ghalani
alikuwa na stakabadhi tisini na sita, zote pacha.
Akanipigia: "Dada, programu yako imekariri."

Nilikuwa ghorofani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja,
chini yangu cherehani za Bi Mwanakheri zikitwanga,
mvua ya vuli ikitafuta tundu kwenye bati.
Nikaifungua kazi yangu kama afunguaye kidonda.

Kosa lilitokana na adabu.
Nilifunzwa: kitu kisijitafutie vitu vyake,
kisiende sokoni, kisijue njia ya stoo;
kikae mlangoni, kitaje haja zake,
kontena litakiletea.
(Kontena, ndiyo. Ila hili halinyanyuliwi na winchi,
halina kutu wala namba ubavuni,
na watu wa forodha hawalijui.)
Basi mizani yangu ikataja:
nataka orodha ya bei, nataka printa, nataka stakabadhi.
Kontena, mtumishi asiyeuliza, likaleta vyote alfajiri,
kimoja kimoja,
mara moja tu.
Stakabadhi moja, ikashikwa kutwa nzima
kama sahani ya msibani inayozunguka bila kuoshwa.

Nilishuka kuvuta hewa.
Mama mmoja alikuwa kwa Bi Mwanakheri, ana harusi Muheza Jumamosi,
anaulizia gauni lililo tayari.
"Tayari la nani?" Bi Mwanakheri, pini mdomoni.
"Uzi ninao. Cherehani ninayo, tangu asubuhi imetiwa mafuta.
Kiuno chako ndicho sikijui,
mpaka usimame hapa."

Nikapanda ngazi mbili mbili.

Usitake stakabadhi, niliiandikia mizani.
Taka fundi wa stakabadhi.
Printa na bei atapewa na kontena kukicha, hivyo havibadiliki;
uzito, saa, jina la shamba
utampa wewe,
robota likishatulia juu yako, si kabla.
Naye kila ukimwita atakukatia mpya.

Mistari kumi na mmoja.
Kichwani pake nikaweka jina, kama ilivyo desturi yetu:
Kiwanda.

Neno hilo likanikalisha.
Baba alishona magunia kiwandani miaka kumi na tisa.
Honi ya saa kumi na mbili iliamsha mtaa mzima,
hata majogoo walikuwa wanaisubiri.
Siku moja haikulia. Watu waliamka wenyewe,
wakasimama getini na chupa zao za chai hadi chai ikapoa.
Kitambulisho anacho bado, chini ya godoro,
picha imefifia, imebaki kola.

Saa tisa Semkiwa akaniandikia: la tisini na saba,
mia mbili hamsini na moja na nusu, shamba la Mjesani.
Sijawahi kufurahia nusu kilo namna ile.

Jioni baba akauliza, kama aulizavyo kila siku,
leo mmefanya nini huko.
Nikamwambia, baba, nimefungua kiwanda.
Alicheka mpaka kikohozi kikamshika,
nikampigapiga mgongoni.
Akafuta macho. Kisha, kwa uso wa mtu wa zamu:
"Kimeajiri wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.
Nikafika kwa Semkiwa,
ambaye saa ile alikuwa angali ghalani, chini ya taa moja,
anachana stakabadhi tisini na tano,
anaiacha ya kwanza,
iliyokuwa kweli.